Kijiti cha Gari la Mwisho

Siku redio ilipotangaza kwamba kipande chetu cha barabara ndipo madereva wanapokimbiza magari kuliko vipande vyote nchini, mama alikuwa anamimina chai. Aliendelea kumimina huku sikio amelielekeza kwa mtangazaji, mpaka kikombe kikafurika na sahani nayo ikafurika.

"Nchi nzima?" akauliza.

"Nchi nzima," nikasema. "Mama, hatimaye kuna kitu tumeshika nafasi ya kwanza."

Alinichapa begani na kitambaa cha meza, lakini kwa mkono wa mtu aliyechoka, kwa hiyo hakikuuma. Mjomba, kaka yake mkubwa, ambaye anaishi kwenye chumba chetu cha uani tangu alipofiwa na mkewe, hakucheka. Alikuwa anapapasa meza akitafuta kijiko. Kijiko kilikuwa mbele yake, karibu kabisa na kidole chake cha mwisho.

"Wa kwanza kwa kukimbia," akasema alipokipata. "Wanakimbilia wapi, hawajasema?"

"Hawajasema, Mjomba."

"Basi utafiti haujaisha."

Mimi na Mjomba hatukuhitaji utafiti wa mtu. Kazi yetu ilikuwa kusimama katikati ya kipande hichohicho kutwa nzima, tumevaa fulana za kung'aa na kofia ngumu, tumeshika vibao vya mti vyenye uso mwekundu upande mmoja na wa kijani upande wa pili. Mwekundu, simama. Kijani, pita. Barabara ilikuwa inawekwa lami mpya nusu moja, na magari yanapita nusu iliyobaki kwa zamu. Mimi nilisimama mwisho mmoja wa kazi, Mjomba mwisho wa pili, na katikati yetu kulikuwa na koni, rola, moto wa lami, na wenzetu waliokuwa wanaonekana kama wanapikwa taratibu.

Barabara yenyewe imenyooka kama imechorwa kwa rula na mtu aliyegombana na kona. Kabla ya kufika kwetu kuna kipande cha mashimo ambacho dereva anatambaa nacho, anatukana, anapasua tairi. Akishakimaliza, akaona lami imetulia mbele yake mpaka inapokutana na mbingu, kitu fulani kinamtoka kichwani. Anakanyaga mafuta kama anayelipiza kisasi. Basi likikupita kwa mwendo ule, upepo wake unakuvuta kwanza, halafu unakusukuma, kama mtu asiyejua anataka nini kwako. Jioni ukilala, masikioni bado yanapita magari.

Watu wanadhani kusimama si kazi. Nami nilidhani hivyo nilipomaliza kidato cha nne na kuambiwa kuna nafasi ya kushika kibao. Nikajiuliza, kibao kina uzito gani? Kibao hakina uzito. Kizito ni hicho kiwiliwili kinachokishika, hasa kuanzia saa nne asubuhi.

Mjomba ndiye aliyenifundisha. Aliniita Profesa, kwa sababu siku ya kwanza nilijaribu kumweleza habari za mwendo na masafa kama nilivyosoma darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Vizuri sana, Profesa. Sasa rudi nyuma hatua moja, umesimama kwenye njia ya lori."

Pale kazini simu zilikuwa haramu. Nyapara wetu, tuliyemwita Breki kwa sababu hakuna wazo lililopita mbele yake bila kusimamishwa, alizikusanya kila asubuhi na kuzifungia kwenye sanduku la gari lake, tangu mshika kibao mmoja alipomfungulia barabara mchumba wake wa kwenye simu badala ya kuwafungulia madereva. Redio za mkononi zililetwa mbili. Moja ilikanyagwa na rola. Iliyobaki Breki aliivaa kiunoni, na mara mojamoja alikuwa anaongea nayo, ingawa hakukuwa na mtu yeyote duniani wa kumjibu.

Kwa hiyo tulitumia kofia. Ulikuwa utaratibu wa Mjomba, wa miaka na miaka. Ukishafunga upande wako, unasubiri gari lako la mwisho limalize njia, unavua kofia na kuiinua juu kabisa. Mwenzako akiiona, anajua njia ni tupu, anafungua upande wake. Kipande kimenyooka, kofia ni za njano, unaziona vizuri tu. Yaani, mwenye macho anaziona.

Mimi niligundua kwa mchezo. Siku moja joto lilipozidi, nikaona badala ya kofia niinue kiatu. Nikavua kiatu, nikakiinua, nikacheza na dansi kidogo kwa mguu mmoja, mpaka watu wa kwenye foleni wakanipigia honi za kushangilia. Nilijua jioni Mjomba atanifokea, na nilikuwa nimeandaa majibu. Jioni ikafika, tumekaa nyuma ya lori la kazi tunarudishwa nyumbani, kimya. Ikabidi niulize mwenyewe.

"Mjomba, leo mchana uliniona nilivyoinua kofia?"

"Nilikuona. Uliinua vizuri."

Majibu yangu yote niliyoyaandaa yakakosa pa kwenda.

Wiki iliyofuata alikuja na kijiti. Kilikuwa kipande cha mpini wa ufagio, urefu wa mkono, amekipaka rangi nyekundu na nyeupe zilizobaki kwenye mawe ya kando ya barabara. Akatangaza kwamba tunarudi kwenye njia ya zamani, iliyokuwa bora kuliko kofia: mwenye kijiti ndiye mwenye barabara. Mimi nikifungua, gari langu la mwisho nalikabidhi kijiti, dereva anampelekea Mjomba. Mjomba akikishika mkononi ndipo anafungua wa kwake, na gari lake la mwisho linanirudishia. Bila kijiti, hakuna kufungua.

"Kwa nini usitengeneze viwili?" nikamwuliza. "Kimoja kikipotea je?"

"Kikiwa kimoja hakiwezi kudanganya. Viwili vitaanza kusema mambo tofauti, kama wewe na mama yako."

Breki alikipima kile kijiti kwa macho, akatafuta sababu ya kukikataa, akaikosa. Akasema tu, "Wazee na mambo yao," akaondoka akiongea na redio yake.

Madereva ndio waliopata taabu. Mmoja alidhani nakiuza, akaniambia hana haja nacho. Mmoja aliuliza kama ni dawa. Mwingine alikuwa na haraka kiasi kwamba alipompita Mjomba alikirusha dirishani bila kupunguza mwendo, na wenzetu waliniambia mzee alikitafuta kwenye majani kwa miguu, akikanyagakanyaga taratibu, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Waliona ni kichekesho. Nikacheka nao. Nilikuwa nimechoka, na kucheka ndiyo kazi nyepesi kuliko zote nilizokuwa nazo.

Nyumbani nilimwambia mama kwamba Mjomba haoni vizuri. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja.

"Najua," akasema. "Juzi alinisalimia, akaniita kwa jina la marehemu mkewe. Nikaitikia. Ningefanyaje?"

"Breki akijua atamrudisha nyumbani siku hiyohiyo."

"Akirudishwa atakaa humo chumbani atazame ukuta. Hata huo ukuta hatauona." Akalainisha shati la Mjomba kwa kiganja, ingawa lilikuwa limeshanyooka. "Kaka yangu hajawahi kuaibika mbele za watu. Usimwache aaibike, mwanangu."

"Na siku akikosea? Basi la abiria likikutana na lori mle kwenye njia moja?"

Mama alilitia shati juu ya nguo nyingine, akalitoa, akalikunja upya.

Tangu siku hiyo nikawa na kazi mbili: kuangalia magari yangu na kumwangalia Mjomba. Kule mbali alikuwa alama ndogo tu, isiyotikisika. Kila kijiti kilipofika na magari yake yakaanza kuja, pumzi ilinishuka. Kikichelewa kidogo, naanza kuhesabu. Na madereva hawakupungua. Baada ya ile taarifa ya redio ndiyo kwanza waliongezeka. Vijana wenye magari ya kukopa walikuja makusudi waone kama ni kweli, nasi tukawa tunawasimamisha katikati ya utafiti wao.

Halafu ikaja siku ya wageni. Breki alitangaza tangu jana yake kwamba watu wa ofisi kuu wanakuja na kifaa cha kupima mwendo wa magari, wathibitishe habari za redio, na kwamba fulana zifuliwe. Asubuhi tukang'aa kama vyombo vya harusini. Breki akaondoka na gari lake kwenda kuwapokea mjini, upande wa Mjomba, sanduku la simu zetu likiwa humohumo ndani.

Mchana lami ilikuwa imelegea kwa jua. Nilifungua upande wangu, magari yakapita, na la mwisho lilikuwa pikapu ya bluu yenye godoro jipya limefungwa nyuma, bado liko kwenye nailoni. Nikamkabidhi dereva kijiti.

"Mpe mzee mwenye kibao kule mbele."

"Nampa," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko kibao changu.

Nikafunga. Mama mmoja kwenye foleni akaanza kunieleza kwamba anachelewa, na kwamba amechelewa kwa sababu yangu, na kwamba hata jana alichelewa kwa sababu yangu. Nikampa pole. Nikamwuliza kama na juzi ni mimi. Akafikiri kidogo, akasema juzi hakupita. Nilipogeuka kutazama mbele, pikapu sikuiona, nikajua imeshafika. Niliona vumbi limesimama upande wa kulia, kwenye njia ndogo ya kwenda kwenye zile nyumba za bondeni, lakini vumbi ni vumbi.

Nikasubiri magari ya Mjomba. Hayakuja.

Nikasubiri tena. Kibao cha kule mbali hakikugeuka. Changu kilikuwa chekundu. Katikati yetu njia ilikuwa tupu kabisa, imelala juani, haina hata mbwa. Hapo ndipo nikalikumbuka lile vumbi.

Nilivua kofia nikaiinua. Nikaipunga. Nikaiweka juu ya kibao, nikapandisha vyote viwili juu kadiri mikono ilivyofika, nikaruka. Foleni ya nyuma yangu ikaanza kupiga honi, safari hii si za kushangilia. Kule mbele, ile alama haikutikisika.

Na hapo nikamwelewa Mjomba kuliko siku zote. Angeweza kubahatisha. Muda ulikuwa umepita wa kutosha, mtu yeyote angesema gari la mwisho limeshapita, angegeuza kibao, na hakuna ambaye angejua chochote. Lakini hakuwa na kijiti mkononi, na kofia yangu hakuiona, kwa hiyo kwake yeye njia haikuwa tupu. Angesimama pale mpaka jioni. Angesimama mpaka tuzeeke sote.

Sikuweza kuondoka nikaacha foleni ile bila mtu. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa dereva wa lori mwenye tumbo lililogusa usukani. Nilipanda ngazi ya mlango wake.

"Mzee wangu, naomba ulilaze lori lako hapa barabarani, pasipite mtu mpaka nirudi."

Alitoa kichwa dirishani. "Unakwenda wapi?"

"Kule mwisho. Kwa mguu."

"Nimeendesha tangu jana," akasema. "Umeniomba nizime gari nisimame? Kijana, wewe nani amekutuma kwangu?" Akakata usukani, lori likalala njiani kama mlango uliofungwa, akazima injini. Kabla sijashuka ngazi alikuwa ameshavuta kofia usoni.

Nikaanza kutembea. Ni mwendo wa kama kutoka nyumbani hadi shule niliyosoma, na sikuwahi kuupenda hata huo. Lami ilinishika soli kila hatua. Wenzangu wa kwenye rola walikuwa wamekaa chini ya kivuli cha rola yao, na mmoja akaniuliza kama tumefunga biashara. Nikamwambia tunakaribia. Kadiri nilivyotembea, honi za upande wangu zilififia na za upande wa Mjomba bado hazijanifikia, na katikati pale nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwenye kazi ile: ndege. Walikuwepo siku zote. Ilibidi barabara inayoongoza nchi nzima kwa mbio isimame ndipo ndege nao wapate zamu.

Ningependa kusema niliwaza mambo makubwa njiani. Niliwaza maji ya kunywa. Na niliwaza nitasema nini nikifika, kwa sababu pale mwisho nilianza kuona watu wamemzunguka Mjomba, na mmoja wao alikuwa na redio kiunoni.

Breki alikuwa amekwama na wageni wake kwenye foleni ya Mjomba, nyuma kabisa, wakaacha gari wakaja kwa miguu. Mgeni mkuu alikuwa dada mmoja mwenye miwani ya jua, amebeba kile kifaa kwenye mkoba wa bega. Madereva waliokuwa wameshuka walikuwa wanachangia mawaidha.

"Nimekuambia fungua," Breki alikuwa anasema, kwa ile sauti ya chini ya mtu anayegombana mbele ya wageni.

"Kijiti hakijafika," Mjomba akasema. Alikuwa ameshika kibao kwa mikono miwili, miguu imepanuliwa kidogo, jasho linamtiririka shingoni mpaka ndani ya fulana iliyofuliwa.

"Achana na kijiti. Kijana wako alikuwa anainua kofia kule, mimi mwenyewe nimemwona, anaruka kama panzi."

"Basi wewe umeona. Shika kibao, ufungue wewe."

Breki akatazama kibao, hakukishika. Kukishika ni jambo jingine.

Mimi nilikuwa nimebakiza hatua chache tu. Nilikuja usoni kwa Mjomba, nimevaa fulana kama yake, kofia mkononi, nahema. Akageuza kichwa upande wangu. Akainua kiganja, kile kiganja kilichosimamisha mabasi.

"Wewe bwana," akaniambia, "rudi nyuma. Barabara imefungwa."

Breki akanitazama mimi, akamtazama Mjomba, akanitazama tena. Nilimwona anavyoanza kuelewa. Ilikuwa kama kutazama lori zito likiingia gia.

Ulimi wangu huwa haulali. Hata mwili ukiwa umekufa, ulimi uko macho. "Mnamsikia?" nikasema, nikacheka. "Mjomba huyu. Kila siku ananitania hivyo hivyo, eti hanijui mpaka nilete soda. Mjomba, leo sina soda, nifungulie tu. Pikapu iliingia njia ya bondeni na kijiti chako. Njia ni tupu, nimeitembea yote kwa miguu hii."

Wawili watatu wakacheka. Hata Breki mdomo ulimlegea, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kuamini hivyo, na kulikuwa na mgeni, na kulikuwa na jua. Ingepita. Nawaambia ingepita kabisa.

Mjomba alishusha kiganja taratibu. Alikuwa ameijua sauti yangu, na uso wake ulilegea kwa namna ambayo sikupenda kuiona.

"Umetoka kule kwa miguu, Profesa?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Nani amebaki na foleni yako?"

"Lori limelala njiani."

"Vizuri." Akaegemea kibao. "Lakini sikuwa nakutania. Sikukuona."

Akamgeukia Breki, au upande aliodhani Breki yuko, na hakukosea sana.

"Sioni mbali," akasema. "Tangu kabla ya hiki kijiti. Karibu naona vivuli. Kijiti nilikileta kwa ajili hiyo, nisije nikaua watu. Sijafungua hata mara moja bila kukishika. Muulize yeyote."

"Mzee," Breki akasema, na sauti yake haikuwa ya wageni tena, "ungesema."

"Ningesema ungenirudisha nyumbani."

"Ningekurudisha."

"Haya."

Breki alivua kofia akajifuta kipara kwa mkono mzima. Niliona na yeye amechoka, amechoka tangu siku nyingi, na kwamba laiti angeweza kulifungia jambo hili kwenye sanduku pamoja na simu zetu angelifungia. Halafu akanyoosha mkono, na Mjomba akampa kibao. Alimpa kama anavyokabidhiwa mtu mtoto aliyelala, polepole, mpaka akahakikisha mwenzake ameshika. Breki akanituma nirudi na gari lake nikalitoe lori. Nilipokwishafika na kuinua kofia, alikigeuza kijani.

Magari yakaanza kupita. Ya kwanza yalipita polepole, kama yana haya. Baadaye Breki alinisimulia kwamba wakati ule barabara iliposimama yule dada wa ofisi kuu alikuwa amekiwasha kifaa chake na kukielekeza barabarani, akakaa akikitazama kinavyosoma sifuri, akamwambia hajawahi kupata sifuri kwenye kazi yake yote. Hakusema kama ataiandika.

Jioni tulipanda nyuma ya lori. Mjomba alikuwa ameikunja fulana yake vizuri, ameiweka magotini. Tuliposhuka, kwa mara ya kwanza alinishika kiwiko mbele za watu, na tukasimama kando ya barabara tukisubiri nafasi ya kuvuka. Ilichukua muda. Hakuna aliyetusimamishia.

Mama aliiona ile fulana iliyokunjwa. Alimpa kaka yake kiti, akamwekea chai mkononi moja kwa moja badala ya mezani. Mjomba alipokwenda kunawa, akanigeukia mimi.

"Nilikuambia usimwache aaibike."

"Mwache," Mjomba akasema kutoka uani. Masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote. "Alinisemea uongo mzuri kabisa. Mimi ndiye niliyeukataa."

"Kwa nini uukatae?" Mama alikuwa anakaribia kulia, na akilia huwa anakasirika.

Mjomba alikaa mlangoni akijifuta mikono. "Kwa sababu kesho ningerudi kusimama pale," akasema. "Na mimi nimechoka, dada yangu. Nimechoka kusubiri kile kijiti. Kila kikichelewa nakufa kidogo."

Mama akaingia ndani. Tulimsikia anahamisha sufuria ambazo hazikuhitaji kuhamishwa.

Usiku huo sijui kama Mjomba alilala. Asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, amevaa viatu vya kazi, amevifunga na kamba. Hakusema kwa nini. Nami sikufanya utani.

Kule barabarani Breki mwenyewe alishika kibao cha Mjomba, na kufikia mchana alikuwa amekaa juu ya koni. Niliporudi kutoka kunywa maji nikakuta mtu ananisubiri, amekuja kwa miguu kutoka bondeni. Mwanzoni sikumjua. Halafu nikaona alichoshika.

"Samahani sana," akasema yule mwenye pikapu. "Nilikuwa natoka zamu ya usiku, siku ya tatu mfululizo. Lile godoro nililinunua asubuhi ileile. Nilikuwa nawaza kulala tu, nikafika kwenye njia ya kwetu, mkono ukakata kona wenyewe. Nililala mpaka leo asubuhi. Nilipoamka kijiti kilikuwa kifuani kwangu, nimekikumbatia."

Nilitaka kumkasirikia. Nilikitafuta hicho kitu cha kumkasirikia nacho, sikukipata. Nilichukua kijiti, nikamwambia yamekwisha.

Jioni nilikwenda nacho moja kwa moja chumba cha uani. Mjomba alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, viatu vya kazi bado miguuni. Nikamtia kijiti mkononi. Akakipapasa kutoka ncha hadi ncha, akagundua mahali rangi ilipobanduka, akapasugua kwa kidole gumba.

"Kimefika," akasema.

"Kimefika, Mjomba. Kimechelewa tu."

Nikaketi kando yake nikamsimulia yote: zamu ya usiku, godoro kwenye nailoni, mkono uliokata kona wenyewe, kijiti kifuani.

"Alilala vizuri?" akauliza.

"Anasema hajawahi kulala vile."

"Afadhali yeye."

Nje, ng'ambo ya nyumba, walikuwa wanakimbia kama kawaida yao. Basi, lori, basi, na kila moja liliacha upepo wake ukigonga mabati yetu. Nikaanza kumweleza jinsi Breki alivyokalia koni, na jinsi koni ilivyoanza kuzama taratibu chini yake. Ilikuwa hadithi nzuri, nilikuwa nimeipanga njia nzima. Lakini Mjomba alikuwa amekilaza kijiti mapajani, vidole vimelegea juu yake, kinywa wazi kidogo. Sijafika hata kwenye sehemu ya kuchekesha, alikuwa ameshalala. Nikamfungua kamba za viatu.